Nasaba ya Virusi vya Jamii ya Nyani

Neno virusi lilipoingia katika Kiswahili lilikuwa ni umoja katika lugha lilikotoka. Lakini kwa kuwa lilianza kwa vi-, wasemaji walilichukua kuwa ni wingi, wakalitolea umoja wake, yaani kirusi. Ndivyo walivyolifanya zamani neno la Kiarabu kitabu, ambalo ki- yake ni sehemu ya mzizi, wakalipa wingi wa vitabu. Neno geni likisha kukubaliwa huingia katika ngeli za mwenyeji na huendelea kwa kanuni za mwenyeji, hata ikawa ni shida kujua kwamba liliwahi kuwa geni. Kwa sadfa, viumbe vinavyoitwa kwa jina hilo, hasa vile vya kundi la retrovirusi, huishi kwa njia iyo hiyo.

Maandishi ya urithi ya wanyama na mimea yameandikwa katika DNA, na kutoka huko hunakiliwa katika RNA ili yatumike. Retrovirusi huenda kinyume. Maandishi yake ni ya RNA. Vikiingia katika seli huyageuza kuwa DNA kwa kimeng'enya chao vyenyewe, kisha huyapachika ndani ya maandishi ya seli ile, na tangu hapo seli huyanakili kana kwamba ni yake. Kimeng'enya hicho kilitangazwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja kwa kazi yake mbali na mwenziwe, na mwaka 1975 wote wawili walishiriki tuzo ya Nobel. Jambo la maana kwa mwenye kutafuta historia ni kwamba kimeng'enya hiki ni mwandishi asiye mwangalifu. Hukosea mara kwa mara, wala hana desturi ya kurudi nyuma na kusahihisha; na kila kosa hurithiwa na nakala zinazofuata. Yeyote aliyepata kulinganisha nakala mbili tatu za utenzi ulioandikwa kwa mkono, moja ya Lamu, moja ya Mombasa, moja ya Unguja, aijua kazi hii. Mistari iliyo sawa haimwambii kitu. Makosa yanayoshirikiwa ndiyo yanayomwonyesha nakala zipi zilitoka katika mkono mmoja. Kirusi hakiachi mfupa wala kigae ardhini. Historia yake karibu yote imo katika makosa ya uandishi wake.

Basi nasaba ya retrovirusi za binadamu na za wanyama walio karibu naye imetafutwa kwa njia ambayo wanafunzi wa lugha waliijua tangu siku za August Schleicher: kulinganisha, kupanga matawi, kukisia shina. Na makosa yaliyofanywa njiani ni yale yale yanayofanywa katika elimu ya lugha. Tofauti ni kwamba anayekosea nasaba ya lugha aghalabu hujibiwa na mwenziwe katika jarida, lakini hapa kosa moja liliweza kuutuhumu umma mzima.

Kisa cha kwanza chahusu Kenya. Katika mwaka 1971 watafiti wa Uingereza, miongoni mwao Achong na Epstein, walitangaza kwamba katika seli zilizooteshwa kutoka uvimbe wa saratani, nyuma ya pua ya mgonjwa mmoja wa Kenya, walikuta kirusi cha kundi liitwalo virusi vya povu, kwa sababu seli zilizoshikwa navyo huonekana kama zimejaa mapovu. Kwa kuwa kilitoka kwa mtu, kikaitwa kirusi cha povu cha binadamu, na kwa jina hilo kikaandikwa katika vitabu kwa zaidi ya miaka ishirini. Maandishi yake yaliposomwa yote na kulinganishwa na ya kirusi cha povu cha sokwe, katika miaka ya 1990, ilionekana wazi kwamba vilikuwa karibu sawa. Tena, watu wengi walipopimwa, hapakupatikana ushahidi wa kirusi cha namna hiyo kinachopita kutoka mtu hadi mtu. Mgonjwa yule alikuwa amebeba kirusi cha sokwe, na jina la binadamu lilitolewa kwa mahali kilipookotwa, si kwa ukoo wake. Ni kama mtu akute kitabu cha Kijerumani katika nyumba moja ya Tanga, akaandika kwamba Kijerumani ni lugha ya Tanga.

Kosa la Kenya halikumdhuru mtu, maana virusi vya povu havijulikani kuleta ugonjwa. Mambo yalibadilika tarehe 5 Juni 1981, ilipochapishwa Marekani taarifa fupi juu ya vijana watano wa Los Angeles walioshikwa na homa ya mapafu ya namna isiyowapata watu wenye kinga timamu. Mwaka 1983 Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier, pamoja na wenzao wa Taasisi ya Pasteur ya Paris, walikipata kirusi chenyewe, kazi ambayo wawili hao walituzwa Nobel mwaka 2008. Kilikuwa retrovirusi ya ukoo wa lentivirusi, yaani virusi vya polepole. Swali likazuka mara moja: kimetoka wapi kirusi ambacho jana hakikuwako?

Jibu la kwanza lilitoka mahali pasipotarajiwa. Katika mwaka 1985 watafiti wa Marekani walikuta kirusi kinachofanana nacho katika makaki, wanyama wa Asia waliofugwa kwa ajili ya majaribio, ambao baadhi yao walikuwa wakifa kwa upungufu wa kinga. Mwaka huo huo ikatangazwa kwamba kirusi kama hicho kimepatikana katika damu ya tumbili wa Afrika. Virusi vya tumbili vikalinganishwa na vya makaki vikaonekana karibu sawa sawa, na kutokana na mfanano huo tumbili akatajwa kuwa ndiye asili ya yote. Habari ikaenea katika magazeti ya dunia kwa kasi ambayo hakuna sahihisho lililopata kuifikia. Katika Afrika wengi waliipokea kama tusi, wala hawakukosa sababu, kwa kuwa pembeni mwa habari yenyewe zilisimuliwa hadithi za kubuni juu ya jinsi Waafrika wanavyoishi na wanyama.

Mwanafunzi wa lugha angalitia shaka mapema. Tumbili wa Afrika na makaki wa Asia wametengana kwa mamilioni ya miaka. Virusi vyao vingewezaje kuwa mapacha? Mfanano uliopita kiasi ni dalili ya mkopo wa jana, si ya ujamaa wa kale. Mtu akikuta lugha mbili za mbali zina neno moja kwa sauti zile zile, bila mageuzi ya sauti yanayotazamiwa, hasemi kwamba ni ndugu. Husema kwamba mojawapo imekopa, au kwamba mwandishi wa orodha amechanganya karatasi zake. Na hapa ndivyo ilivyokuwa. Kufikia mwaka 1988 ilithibitishwa kwamba virusi vilivyodhaniwa kuwa vya tumbili vilikuwa vya makaki, vilivyoingia katika vyombo vya maabara kwa bahati mbaya. Katika mwaka huo huo watafiti wa Japani walisoma maandishi ya kirusi cha kweli cha tumbili, wakaona kwamba kimesimama mbali, tawi la peke yake, wala hakikuwa karibu na kirusi cha Ukimwi kiasi cha kuitwa babu yake. Tumbili akaachiwa huru mahakamani, ila si sokoni: wako wanaomtaja hadi leo.

Hapa yafaa kusimama kidogo juu ya majina, maana fujo kubwa ya tafsiri imetokea kwayo. Kiswahili hakina jina moja la zamani linalowakusanya wanyama hawa wote. Nyani wa pwani ni mnyama maalumu, mwenye pua ndefu kama ya mbwa, aharibuye mashamba. Tumbili ni mwingine, kima ni mwingine, mbega ni mwingine, na komba wa usiku ni mwingine kabisa. Sokwe hana mkia, na watu wa ufuko wa Ziwa Tanganyika humjua vizuri kuliko watu wa Bagamoyo. Watafsiri wa miaka ya karibu wamelipanua neno nyani lichukue mahali pa wote, na kichwa cha insha hii chenyewe kimefuata desturi hiyo kwa kukosa jingine. Lakini msomaji anayesoma kwamba Ukimwi ulitoka kwa nyani akamfikiria nyani wa shambani kwake amepotezwa. Nyani wa kweli, kwa kadiri ya ushahidi uliopo, hana kirusi chake mwenyewe cha ukoo huu. Katika mwaka 1994 ilitangazwa habari ya nyani mmoja wa manjano wa Tanzania aliyekutwa na kirusi, na kilipochunguzwa kilikuwa cha tumbili. Nyani huwinda tumbili na kuwala. Alikipata, bila shaka, katika kitoweo chake.

Wakati tumbili akisingiziwa, uchunguzi mwingine ulikuwa ukiendelea upande wa magharibi. Mwaka 1986 kirusi cha pili cha Ukimwi, tofauti na cha kwanza, kilitambuliwa katika wagonjwa wenye asili ya Gine-Bisau na Visiwa vya Cape Verde. Kikaitwa HIV-2, na cha kwanza kikawa HIV-1. Mwaka 1989 kirusi cha mangabei wa rangi ya masizi kilisomwa kikaonekana kuwa jamaa wa karibu mno wa HIV-2. Mangabei huyu aishi katika misitu ya pwani ya magharibi, tangu upande wa Senegal hadi Ivory Coast, na HIV-2 yapatikana hasa katika nchi hizo hizo. Hata makaki wa Marekani wakaeleweka: walikuwa wamekipata kirusi cha mangabei ndani ya vituo vya majaribio, ambako wanyama wa mabara mawili waliwekwa karibu na kudungwa tishu za wenzao. Makaki wa porini Asia hawanacho.

Lakini ujamaa hauonyeshi mwelekeo. Kwa nini isisemwe kwamba mangabei ndio walioambukizwa na watu? Jibu lilitokana na kanuni ambayo Edward Sapir aliieleza kwa lugha mwaka 1916, na ambayo Joseph Greenberg aliitumia alipoweka chimbuko la lugha za Kibantu karibu na mpaka wa Nigeria na Kameruni: pale penye matawi mengi yanayotofautiana sana ndipo penye asili, na palipo na tofauti chache ndipo walipofika wahamiaji. Virusi vya mangabei vina matawi mengi, na virusi vya watu havikukaa pamoja katika tawi moja la kando. Vimetawanyika katikati ya vile vya mangabei, kila kundi karibu na mangabei tofauti. Makundi ya HIV-2 yamehesabiwa kuwa manane au zaidi, na kila moja ni safari ya peke yake kutoka kwa mnyama kwenda kwa mtu. Makundi mawili tu, A na B, ndiyo yaliyoenea, na ndugu zao wa karibu zaidi walipatikana katika mangabei wa msitu wa Taï, Ivory Coast. Mengine yamejulikana kwa mgonjwa mmoja au wachache. Mwindaji alijikata, damu ikakutana na damu, kirusi kikavuka, kisha kikafa naye.

Habari ya HIV-1 ilichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1990 ulichapishwa uchambuzi wa kirusi cha sokwe wa Gaboni kilichokuwa karibu na HIV-1 kuliko kingine chochote. Walakini sokwe waliopatikana nacho walikuwa wachache mno, na wote wafungwa wa vituo, basi wenye shaka wakauliza kama si wao walioambukizwa. Mwaka 1999 Beatrice Hahn na wenzake walionyesha kwamba virusi vyote vya HIV-1 vimelala karibu na vya sokwe wa aina ndogo ya Afrika ya Kati magharibi, na si vya aina ya mashariki. Ili kuthibitisha, ilibidi kuwapata sokwe wa porini bila kuwagusa. Njia iliyobuniwa haina fahari: wafuatiliaji waliokota kinyesi chini ya viota vya usiku, kikahifadhiwa kwa dawa, kikatafutwa kingamwili na RNA ndani yake. Kutoka misitu ya kusini ya Kameruni zilikusanywa sampuli 599, na mwaka 2006 majibu yakatolewa. Kundi M la HIV-1, lile lililoeneza Ukimwi duniani na kuua zaidi ya watu milioni 40, ndugu zake wa karibu wako katika sokwe wa pembe ya kusini-mashariki ya nchi hiyo. Kundi N, lililowapata watu wachache mno, lina ndugu zake magharibi kidogo, katika eneo la Dja. Kundi O na kundi P vilitoka kwa gorila, ambaye naye alikipata kwa sokwe. Jambo hilo lilikamilishwa mwaka 2015. Basi HIV-1 si mgeni mmoja; ni wageni wanne, kila mmoja kwa mlango wake.

Kwamba lugha za Kibantu na kirusi kundi M vyote vimerudishwa Kameruni na wachunguzi wasiojuana, hilo halina maana yoyote zaidi ya kuonyesha kwamba kanuni moja ilitumika mara mbili.

Nasaba iliyopatikana hivyo ilitumika punde kuamua kesi nzito, na kesi hiyo ilikuwa katika nchi ya Waswahili wa Kongo. Kati ya mwaka 1957 na 1960 chanjo ya kumeza ya polio, iliyotengenezwa na Hilary Koprowski wa Taasisi ya Wistar ya Philadelphia, ilitolewa kwa mamia ya maelfu ya watu katika Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Karibu na Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, palikuwa na kambi ya sokwe waliotumiwa katika majaribio ya chanjo hiyo. Mwandishi Edward Hooper, katika kitabu chake kikubwa The River cha mwaka 1999, alidai kwamba chanjo ilioteshwa katika seli za sokwe na ndiyo iliyowapa watu Ukimwi. Dai hilo halikuwa la kupuuzwa. Lilihusu madaktari, ukoloni, na watoto waliopangwa mstari wafungue vinywa bila kuulizwa. Mwanabiolojia wa Uingereza W. D. Hamilton, aliyetaka lipimwe kwa haki, alisafiri hadi Kongo mwanzoni mwa mwaka 2000 kutafuta sampuli za sokwe wa Kisangani. Alirudi akiwa ameshikwa na malaria, akafa mwezi wa Machi. Septemba mwaka huo Royal Society ya London iliitisha mkutano juu ya swali hilo. Mabaki ya chanjo yalipopimwa hayakuwa na kirusi wala chembe ya sokwe. Kisha mwaka 2004 Michael Worobey na wenzake walichapisha kirusi cha sokwe wa msitu ulio jirani na Kisangani: kilikuwa cha tawi la mashariki, mbali na HIV-1. Sokwe wa kambi ile, kama walikuwa na kirusi, hawakuwa na hicho. Dai la Hooper lilianguka kwa nasaba. Swali la jinsi watu wa makoloni walivyofanywa kuwa uwanja wa majaribio ni jingine, na halikuanguka nalo.

Hadi hapa imesemwa kana kwamba kila kirusi kina mzazi mmoja. Mchoro wa mti wapenda iwe hivyo. Ndiyo maana Johannes Schmidt aliukataa kwa lugha tangu mwaka 1872. Mwaka 2003 ilionekana kwamba kirusi cha sokwe chenyewe ni chotara. Sehemu ya mwanzo ya maandishi yake yafuata kirusi cha mangabei mwenye utosi mwekundu. Sehemu inayotengeneza ganda la nje yafuata virusi vya kima wa kundi la mwenye doa puani. Retrovirusi mbili zikikutana ndani ya seli moja, kimeng'enya kinachonakili huweza kuruka kutoka maandishi ya moja hadi ya nyingine, na mtoto akazaliwa na baba wawili. Wenye kuijua Kimbugu ya milima ya Usambara hawatashangaa. Yule anayetazama viambishi na upatanisho wake huiita ya Kibantu, jirani wa Kipare; yule anayetazama maneno yake ya ndani huiita ya Kikushi; na wote wawili wamesoma sawasawa kile walichokisoma. Swali la asili ya kirusi cha sokwe kwa jumla, kama swali la asili ya Kimbugu kwa jumla, halina jibu moja, maana kila sehemu ina safari yake. Sokwe huwinda kima. Kwa kuwa makazi ya mangabei yule na ya kima yule hukutana na ya sokwe katika Afrika ya Kati magharibi, na kwa kuwa sokwe wa mbali magharibi hawajakutwa na kirusi hiki, yaelekea uchotara ulitokea huko, kisha ukaenea kuelekea mashariki.

Lililobaki ni swali la lini, na hapo ndipo pagumu zaidi. Morris Swadesh, katika miaka ya 1950, alifikiri kwamba maneno ya msingi hupotea kwa mwendo ulio sawa katika lugha zote, hivi kwamba kwa kuhesabu yaliyobaki mtu aweza kujua miaka ya kutengana. Mwaka 1962 Bergsland na Vogt walionyesha kwamba Kiaislandi hakikuifuata saa hiyo. Kwa virusi saa ilionekana kuwa bora, na kwa muda mfupi ni bora kweli, kwa sababu ina vituo vya kuisahihisha. Damu iliyochukuliwa Léopoldville, yaani Kinshasa, mwaka 1959 ilihifadhi kipande cha kundi M. Tishu iliyokatwa katika mji huo huo mwaka 1960 ilihifadhi kingine. Vipande hivyo viwili vilitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, ishara kwamba kirusi kilikuwa kimekaa na watu kwa miongo mingi. Hesabu ya mwaka 2000 iliweka shina la kundi M karibu na mwaka 1931. Hesabu ya mwaka 2008, iliyotumia tishu ile ya 1960, ilirudisha shina hilo kati ya 1884 na 1924. Miaka hiyo ndiyo miji ya kikoloni ilipokua katika bonde la Kongo, na kwa reli na meli za mto kirusi kilifika baadaye hata katika miji ya Kongo isemayo Kiswahili. Tarehe hiyo ilitosha peke yake kuiondoa chanjo ya mwaka 1957.

Lakini saa hiyo hiyo ilipotumiwa kwa virusi vya wanyama ilitoa majibu ya ajabu. Mwaka 2009 hesabu ilisema kwamba shina la virusi vyote vya sokwe halizidi mwaka 1492 hivi, na la virusi vya mangabei mwaka 1809. Mwaka uliofuata Worobey, aliyeshiriki katika hesabu ile, aliivunja mwenyewe. Kisiwa cha Bioko, mbele ya pwani ya Kameruni, kilitengwa na bara maji ya bahari yalipopanda, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, na wanyama wake hawakukutana tena na wenzao. Virusi vya drili na vya mbega mweusi wa kisiwani vilipolinganishwa na vya wenzao wa barani, kila kimoja kilikuwa ndugu wa mwenziwe wa barani. Basi vilikuwamo kabla ya bahari kupita kati. Kwa kituo hicho, umri wa virusi hivi katika wanyama wa Afrika ukapanda kuwa miaka 32,000 kwa uchache. Saa ilikuwa imedanganya kwa maelfu ya miaka, kwa sababu ile ile iliyomponza Swadesh: mabadiliko ya kale hufunikwa na mapya, na mhesabuji asiyeona yaliyofunikwa hudhani hayakuwako.

Kinyume cha kosa hilo kipo pia. Tumbili wa visiwa vya Karibi, ambao wazee wao walivushwa kwa meli katika karne ya 17 na ya 18, hawana kirusi kilichojaa katika ndugu zao wa Afrika. Yawezekana waliovushwa walikuwa wachache na wachanga, kirusi kikabaki nyuma. Mtu anayewatazama hao peke yao angesema kwamba kirusi cha tumbili kilizuka baada ya safari zile, naye angekosea vibaya sana.

Mbali zaidi ya hapo mashahidi ni wa namna nyingine. Virusi vya povu, vile vya kisa cha Kenya, hubadilika polepole, na mti wao walingana na mti wa wanyama wenyewe tawi kwa tawi, kwa zaidi ya miaka milioni 30. Katika lemuri mdogo wa Madagaska, ambaye ukubwa wake haumzidi panya sana, lentivirusi ilikutwa mwaka 2008 ikiwa imepachikwa ndani ya maandishi ya mnyama mwenyewe, ikirithiwa kutoka kwa mzazi hadi mtoto tangu mamilioni ya miaka. Na katika maandishi ya binadamu karibu asilimia 8 ni mabaki ya retrovirusi zilizokufa zamani. Ni maneno ya mkopo ambayo hakuna asemaye akayakumbuka kuwa ya mkopo.

Kutokana na ukale huo ilizaliwa dhana nyingine, kwamba mnyama aliyeishi na kirusi siku nyingi amepatana nacho. Kwa mangabei na tumbili yaonekana ni kweli. Kwa sokwe iliaminiwa hivyo hivyo, mpaka ilipopimwa Gombe, kaskazini ya Kigoma, ambako sokwe wameangaliwa mmoja mmoja kwa jina tangu Jane Goodall alipofika huko Julai 1960. Mwaka 2002 ilitangazwa kwamba wamo wenye kirusi. Mwaka 2009 zikatolewa hesabu za miaka tisa: sokwe mwenye kirusi alikuwa na hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko asiye nacho wa umri wake, majike wenye kirusi walizaa kwa nadra zaidi, na watoto wao walikufa kwa wingi zaidi. Jike mmoja aliyekufa ndani ya miaka mitatu tangu kuambukizwa alipasuliwa, na tishu zake zilionekana kama za mtu aliyekufa kwa Ukimwi. Virusi vya Gombe ni tawi la mashariki. Havimo katika ukoo wa kirusi chochote cha binadamu kinachojulikana. Sokwe wa Kigoma hawakumpa mtu Ukimwi. Wanao wao wenyewe.